Kufuta diski kwa flashi ya kubuti: dalili, chanzo na tiba

Kufuta diski kwa mfumo unaowashwa kutoka kwenye flashi ni kazi nyepesi mpaka siku inapogoma. Na ikigoma haikuambii kwa nini: diski haimo kwenye orodha, asilimia haisogei, au skrini inadai kazi imeisha ilhali data bado imekaa mahali pake. Hizo ndizo dalili zinazofuatwa hapa, moja baada ya nyingine. Amri zote zinaendeshwa kama root, mtumiaji mkuu wa Linux. Palipoandikwa `/dev/sdX` weka jina la diski yako, kisha lihakiki tena kwa namba ya usajili iliyobandikwa kwenye lebo, kwa kuwa herufi hizo hubadilika kila unapowasha upya. Diski usiyotaka kuifuta chomoa kebo yake kabisa. Hakuna kinga inayoizidi hiyo.

Kwanza zana yenyewe. Watu wengi bado wanatumia DBAN, programu ya zamani ya kufuta diski, ambayo toleo lake la mwisho, 2.3.0, ni la mwaka 2015. Haiwaki kwenye mashine inayokubali UEFI (namna mpya ya kuwasha kompyuta) pekee, na NVMe (SSD inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao) haiioni kamwe. Kama ndiyo uliyo nayo na mashine ni ya miaka ya karibuni, usipoteze muda kuitafutia tiba. Chukua ShredOS, mfumo mdogo wa Linux unaobeba nwipe, programu iliyochipuka kutoka dwipe, injini ileile ya DBAN. Kando yake weka flashi ya pili yenye Linux yoyote ya kawaida iliyo na `hdparm`, `nvme-cli` na `smartmontools`, maana nusu ya matatizo yaliyo hapa chini hayatatuliki ndani ya menyu ya nwipe.

Kompyuta haiwaki kutoka kwenye flashi

Kosa la kwanza ni kunakili faili la ISO au IMG kwenye flashi kama unavyonakili picha. Faili hilo lazima limwagwe sekta kwa sekta, kwa `dd`, balenaEtcher au Rufus. Rufus ikikuuliza namna ya kuandika, chagua DD.

Kosa la pili ni Secure Boot, kinga inayozuia mfumo usio na sahihi inayotambulika usiwake. Mashine inaruka flashi kimya kimya au inaonyesha onyo jekundu la sahihi batili. Ingia BIOS, izime, hifadhi, washa upya. Kama menyu ya kubuti inaonyesha flashi ileile mara mbili, moja ikiwa na neno UEFI mbele, jaribu zote mbili.

Menyu ikitokea halafu skrini ikabaki nyeusi, tatizo ni kadi ya picha. Bonyeza `e` kwenye menyu ya GRUB, ongeza `nomodeset` mwishoni mwa mstari wa kernel, kisha endelea.

Mfumo umewaka, diski haionekani

Anza na mstari huu:

`lsblk -d -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,TRAN`

Kwenye laptopu, sababu inayoongoza ni BIOS kuwekwa kwenye hali ya RAID, Intel RST au VMD. Katika hali hiyo kidhibiti huificha NVMe nyuma yake, na Linux inaweza isione chochote zaidi ya flashi uliyowashia. Badilisha hadi AHCI, hali ya kawaida isiyounganisha diski. Windows iliyomo itagoma kuwaka baada ya hapo, jambo lisilo na uzito kwa diski inayokwenda kufutwa, ila ni msiba kama mashine ina diski ya pili unayoitunza.

Kwenye seva, kadi ya RAID haikuonyeshi diski halisi. Inakuonyesha diski ya kubuni iliyoundwa kutokana na kadhaa. Ukiifuta hiyo, diski ya akiba inayosubiri nyenzake ife haiguswi, na ile iliyoondolewa kwenye kundi mwezi uliopita haiguswi pia. Vunja kundi, iweke kadi kwenye hali ya HBA (inayoonyesha kila diski kama ilivyo), ufute kila diski peke yake.

Diski za SAS (aina ya seva) zilizotoka kwenye makabati ya hifadhi zina ujanja mwingine: zinaonekana, lakini ukubwa ni sifuri au kila jaribio la kuandika linakataliwa. Mara nyingi sekta zake ni za baiti 520 badala ya 512. Zirudishe hivi:

`sg_format --format --size=512 /dev/sgX`

Amri hii huchukua saa nyingi kwenye diski kubwa. Usikate umeme katikati, maana diski iliyoachwa nusu ya kuformatiwa hukataa kusoma na kuandika mpaka urudie mwanzo.

Kama diski ya SATA inaonekana ikiwa na baiti sifuri, au jina lake limegeuka kuwa herufi za ajabu, programu ya ndani ya diski imekufa. Hakuna flashi itakayoifuta. Nenda moja kwa moja kwenye kuivunja.

Ukubwa unaoonekana ni mdogo kuliko ulioandikwa kwenye lebo

Usichanganye hili na tofauti ya GB na GiB. Diski ya TB 1 ina sekta 1,953,525,168, yaani baiti 1,000,204,886,016, na `lsblk` huionyesha kama 931.5G. Hiyo ni sawa. Linalohitaji kushughulikiwa ni sekta kupungua kweli:

`hdparm -N /dev/sdX`

Jibu lenye afya linaonyesha namba mbili zinazolingana na maneno `HPA is disabled`. Ya kwanza ikiwa ndogo kuliko ya pili, kuna eneo lililofichwa, liitwalo HPA, na programu ya kufuta itaishia mpakani. Lifungue kwa kuandika namba kubwa, ukitanguliza herufi p ili mabadiliko yadumu:

`hdparm --yes-i-know-what-i-am-doing -N p1953525168 /dev/sdX`

Ikikataa mara ya pili, zima mashine kabisa kwanza. Diski hukubali badiliko hilo la kudumu mara moja tu kwa kila kuwashwa. HPA ikiondoka, angalia ficho la pili, DCO, kwa `hdparm --dco-identify`. Mpangilio una maana: DCO haikubali kurejeshwa wakati HPA bado ipo.

`frozen`: diski inakataa Secure Erase

Hapa ndipo wengi hukwama. SSD ya SATA haifutiki vizuri kwa kuandikiwa juu. Kidhibiti chake kinahamisha data kila mara kusawazisha uchakavu, na kina vipande vya akiba ambavyo mfumo hauvioni. Unachotaka ni diski ijifute yenyewe kwa amri ya ATA Secure Erase. Kabla ya hapo soma:

`hdparm -I /dev/sdX`

Shuka mpaka sehemu ya `Security`. Mistari inayokuhusu ni kama hii:

`supported`
`not enabled`
`not locked`
`frozen`
`supported: enhanced erase`
`2min for SECURITY ERASE UNIT. 8min for ENHANCED SECURITY ERASE UNIT.`

Unataka kuona `not frozen`. Ukikuta `frozen` tupu, BIOS imeifunga diski wakati wa kuwaka ili programu hasidi isije ikaiwekea nenosiri. Si ugonjwa wa diski. Tiba ni kukata umeme wa diski na kuurudisha bila BIOS kupata nafasi ya kuifunga tena, na njia laini kuliko zote ni kuilaza kompyuta:

`rtcwake -m mem -s 10`

Itazimika kwa sekunde kumi, itaamka, na ukirudia `hdparm -I` utakuta `not frozen`. Isipobadilika, angalia `cat /sys/power/mem_sleep`. Likitoka neno moja tu, `[s2idle]`, mashine yako haina usingizi mzito unaokata umeme, kwa hiyo kulala kwake hakusaidii kitu. Kwenye kompyuta ya mezani, chomoa plagi ya umeme ya diski mashine ikiwa imewaka, subiri sekunde chache, irudishe. SATA inavumilia hilo ilimradi kidhibiti kiko AHCI. Usijaribu hivyo kwa adapta za kubahatisha za zamani. Kwenye laptopu, toa diski uihamishie mashine nyingine, au tafuta ndani ya BIOS, kwani baadhi zina kipengele chao cha kufuta diski.

Diski ikishafunguka, hatua ni mbili. Diski haikubali kujifuta bila nenosiri, kwa hiyo unaiwekea la muda:

`hdparm --user-master u --security-set-pass p /dev/sdX`
`hdparm --user-master u --security-erase-enhanced p /dev/sdX`

Kama `enhanced` haimo kwenye orodha, tumia `--security-erase`. Terminali itakaa kimya mpaka mwisho, bila asilimia wala mstari unaosogea. Ukimya huo ndio watu huudhani kukwama, wakazima mashine, wakajitengenezea tatizo jipya. Muda uliotajwa kwenye `hdparm -I` ndio makadirio yako. SSD humaliza kwa sekunde au dakika chache; diski ya sahani (HDD) huchukua saa zilezile ambazo ingechukua kuandikiwa mara moja. Kazi hii ifanyike kwenye soketi ya SATA. Adapta za USB nyingi hazipitishi amri za usalama, na mbaya zaidi kuna zinazopitisha ya kwanza halafu zinakata ya pili katikati.

Ikikatika, diski inabaki `enabled` na `locked`, na kila programu itapata hitilafu ya kusoma. Haijaharibika. Washa upya, ifungue isiwe `frozen`, kisha rudia amri ya kufuta ukitumia nenosiri lilelile. Ikikamilika, nenosiri linajiondoa lenyewe. Ndiyo maana inafaa kutumia herufi moja kama `p` na kila diski unayoishika: nenosiri la kipekee ulilolibuni saa sita za usiku ndilo litakaloifunga diski moja kwa moja.

NVMe: amri inakataliwa

`hdparm` haina kazi hapa. Njia ya kawaida ni:

`nvme format /dev/nvme0n1 --ses=1`

Namba 1 inafuta data. 2 inatupa ufunguo wa usimbaji wa diski, kama diski inasimba. Iliyo imara zaidi ni sanitize, ambayo hufikia na vipande vya akiba. Angalia kama ipo:

`nvme id-ctrl /dev/nvme0 | grep sanicap`

Ikiwa sifuri, haipo, baki na format. Ikiwa ipo, `nvme sanitize /dev/nvme0 -a 2` hufuta vipande vyote. Amri hurudi papo hapo na hiyo inapotosha: kazi ndiyo kwanza imeanza. Fuatilia kwa `nvme sanitize-log /dev/nvme0`. SPROG ikifika 65535 na SSTAT ikasoma 0x101, imekamilika. Umeme ukikatika katikati, diski ikiwashwa inaendelea na kazi yenyewe, na mpaka imalize haikubali kusoma wala kuandika. Hakuna namna ya kughairi.

Ikikataliwa kwa hitilafu ya ruhusa, jaribu ujanja uleule wa kuilaza mashine. Zipo BIOS zinazofunga NVMe pia. Ukiwa umeiweka kwenye kasha la USB, itoe. Makasha hayo huifanya ionekane kama diski ya SCSI na amri za NVMe haziingii.

Kesi ya pekee ni diski iliyofungwa kwa Opal, usimbaji uliomo ndani ya diski yenyewe, ambayo nenosiri lake halijulikani. Kila uandishi unarudi na I/O error tangu sekta ya kwanza. Soma PSID, msimbo wa kiwandani wa kuifungua diski kwa kuifuta, kwenye lebo, herufi 32, na utumie zana ya sedutil:

`sedutil-cli --yesIreallywanttoERASEALLmydatausingthePSID PSID_YAKO /dev/nvme0`

Jina la chaguo lenyewe ni onyo tosha. Kwa diski ya SATA, kernel iwashwe na `libata.allow_tpm=1`, la sivyo sedutil haitaiona. BitLocker, usimbaji wa Windows, ni jambo jingine: haizuii kuandika, kwa hiyo nenosiri lake halihitajiki ili kufuta.

Inakwenda polepole mno

Piga hesabu kabla ya kulalamika. Diski ya sahani inayoandika wastani wa MB 150 kwa sekunde huhitaji kama saa 1 na dakika 51 kwa TB 1, na zaidi ya saa 7 kwa TB 4. Hiyo ni mara moja tu. DoD Short, njia yenye jina la wizara ya ulinzi ya Marekani, hupita mara tatu, ukiongeza uhakiki wa mwisho ni mara nne, karibu saa 30 kwa TB 4. Njia ya Gutmann yenye mipito 35 ingekula siku 11 hivi. Iliandikwa mwaka 1996 kwa ajili ya namna za kurekodi ambazo diski za leo hazitumii, kwa hiyo kuichagua ni kuchosha mota bure. Mwongozo wa NIST (taasisi ya viwango ya Marekani) SP 800-88, toleo la mwaka 2014, ulitosheka na mpito mmoja kwa diski za sahani. Kwenye nwipe bonyeza `m` kuchagua njia, kisha uchague zero (sifuri) au PRNG (data ya nasibu), na `v` kuwasha uhakiki.

Kasi kushuka taratibu kutoka MB 180 hadi 90 kuelekea mwisho ni kawaida, kwa kuwa mizunguko ya ndani ya sahani ni mifupi kuliko ya nje. Isiyo ya kawaida ni hii:

Kasi imeganda kwenye MB 30 hadi 40 tangu mwanzo. Uko kwenye USB 2.0. Kwa mwendo huo TB 1 inataka saa nane. Hamia soketi ya USB 3 au SATA.

Kasi inaruka: MB 140, halafu sifuri kwa sekunde 20, halafu 140 tena. Diski inapambana na sekta mbovu, au kebo ni mbovu. `smartctl -a /dev/sdX`, inayosoma SMART (kumbukumbu ya afya ya diski), inatofautisha. Namba 199, `UDMA_CRC_Error_Count`, ikipanda, badilisha kebo. Zikipanda 5 (sekta zilizobadilishwa na za akiba) na 197 (sekta zinazosubiri kuamuliwa), ni sahani.

Kufuta diski nane kwa pamoja na zote zikapungua kasi kwa usawa: kidhibiti au kituo cha USB kimefika kikomo. Angalia na joto. Diski zilizopangwa juu ya meza bila feni hupita nyuzi 55 kwa urahisi. Nwipe huonyesha joto la kila moja, ikikaribia 60 puliza feni au punguza idadi.

Imemaliza, lakini kwa hitilafu

DBAN husema `finished with non-fatal errors` na nwipe huhesabu makosa ya kila diski. Kwanza angalia kama iliyolalamikiwa si flashi yako ya kuwashia. `autonuke` ya DBAN haibagui, hufuta kila inachokiona, flashi ikiwemo.

Kama ni diski lengwa, soma `dmesg | tail -50`. Mistari ya namna hii ina maana:

`ata3.00: failed command: WRITE FPDMA QUEUED`
`I/O error, dev sdb, sector 781422768`

Sekta hiyo haikuandikwa. Rudia mpito mmoja wa sifuri, kwa sababu sekta iliyo kwenye 197 huamuliwa pale inapoandikwa: ama inapona, ama diski inaibadilisha na ya akiba. 197 ikirudi sifuri na mpito wa pili ukawa safi, uandishi umefika kila mahali unapoweza kufika.

Ila zingatia namba 5. Ikisoma 12, kuna sekta 12 zilizostaafishwa, na kilichokuwa ndani yake hakijaguswa na nwipe wala hakitaguswa, kwani anwani zake sasa zinaelekea kwingine. Enhanced Secure Erase ndiyo imekusudiwa kuzifikia. Ndivyo ilivyo pia kwa diski mseto, SSHD, zenye GB 8 za flashi ya ndani: kuandika juu ya sahani hakuihakikishii flashi hiyo kitu. Kwa data nyeti kwenye diski yenye makosa yasiyokoma, vunja: sahani zitolewe na kukatwa au kupondwa. Kwenye SSD kila chipu ipondwe. Tundu moja la kekee katikati ya SSD mara nyingi hupita kwenye plastiki tupu na kuacha chipu zote zikiwa nzima.

Uhakiki unashindwa, au huamini kilichoandikwa kwenye skrini

Baada ya kufuta kwa sifuri, uliza diski yenyewe:

`cmp /dev/sdX /dev/zero`

Jibu unalolitaka linaanza na `cmp: EOF on /dev/sdX`, maana yake imesomwa mpaka mwisho na kila baiti ni sifuri. Likitoka `differ: byte` na namba, kuna kitu kilichobaki hapo. Kama ulifuta kwa PRNG bila mpito wa mwisho wa sifuri, amri hii itagoma kwenye baiti za mwanzo kabisa na hilo si kosa. Kwa hiyo tumia uhakiki wa nwipe wenyewe. SSD iliyojifuta kwa usimbaji nayo huweza kurudisha takataka badala ya sifuri. Hapo tafuta majina ya mafaili ya zamani kwa `strings /dev/sdX | head -200`, usitegemee `cmp`.

Uhakiki ukishindwa mahali tofauti kila unaporudia, na SMART ni safi, shuku RAM ya mashine unayofutia, si diski. Endesha memtest86+ usiku mmoja. Ukishindwa mahali palepale kwenye flashi au kadi ya kumbukumbu, tuseme GB 8 za mwanzo ni safi na kila kilicho mbele hakilingani, hiyo ni flashi bandia: lebo inasema 64, chipu ni 8. Ifute hizo 8, halafu itupe.

Baada ya kufuta, kompyuta ikiwashwa itasema `No bootable device`. Ndivyo inavyotakiwa. Rudisha Secure Boot, na uiache AHCI mahali ulipoiweka kama mfumo mpya unawekwa upya.